Mzee aliyepasuliwa mgongo asiachwe kitandani

(Mazungumzo ya mhudumu wetu wa familia kwa wazee na wale wanaowatunza, yaliyotolewa katika ukumbi wa ofisi yetu. Tumeyachapa kwa ajili ya wote waliokuwa kazini siku ile.)

Najua kuna waliotoka zamu ya usiku na hawajalala bado, na kuna mama wawili hapa waliopanda mabasi mawili. Chai ipo pale nyuma, msingoje nimalize.

Nimeombwa niseme juu ya wazee wetu wanaopasuliwa mgongo, na hasa juu ya yale yanayofuata baada ya kupasuliwa. Upasuaji wenyewe ni kazi ya daktari, saa chache tu, na mzee amelala usingizi wa dawa. Yanayofuata ni miezi, na ni kazi yetu sisi wa nyumbani. Hapo ndipo ninapoona familia zetu zinaumia, na siwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea.

Baba yangu yupo hapa, ameketi karibu na dirisha, mwenye kofia ya kahawia. Amenipa ruhusa nisimulie habari yake. Alisema nisimulie yote na nisijipendelee.

Baba alipasuliwa akiwa na miaka 69. Kabla ya hapo alikuwa hawezi kutoka mlangoni kwetu mpaka kituo cha basi bila kusimama mara tatu. Miguu ilimwaka moto, kisha ikafa ganzi. Lakini tukifika dukani, akishika kile kigari cha kuwekea vitu na kukiegemea, alizunguka duka zima bila shida. Sisi tulicheka, tukasema mzee anapenda duka. Daktari hakucheka. Alituambia kwamba ndani ya mifupa ya mgongo kuna njia kama bomba, na mishipa ya fahamu inapita humo kwenda miguuni. Umri ukienda, diski zinanywea, mifupa inaota vinundu, na ile njia inakuwa nyembamba mpaka mishipa inabanwa. Mtu akiinama mbele, njia inafunguka kidogo. Ndiyo maana kigari kilimpa nafuu. Daktari alitoa mfupa uliokuwa unabana, na kwa sababu pingili mbili zilikuwa zinateleza, akazifunga pamoja kwa vyuma na skrubu ili mfupa uote kati yake ziwe kitu kimoja.

Kazi hiyo ilikwenda vizuri. Sasa sikilizeni nilichofanya mimi.

Mkalimani nilikuwa mimi. Nilikuwa bado nasoma chuo, Kiingereza changu kilikuwa kizuri, nikaona haya kuomba mkalimani wa simu wakati mtoto wa mgonjwa yupo. Asubuhi iliyofuata akaja kijana mmoja, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Akasema leo baba yako lazima asimame, atembee mpaka mlangoni, kesho atoke nje kwenye korido, na nyumbani lazima atembee kila siku, mara nyingi kwa siku. Aliposema "lazima", nikatazama uso wa baba. Jamani, mtoto hamwambii baba yake "lazima", tena mbele ya mgeni. Nikatafsiri hivi: "Baba, huyu kijana anasema ukijisikia vizuri unaweza kujaribu kusimama kidogo." Baba akajibu kwamba hajisikii vizuri. Nami nikamgeukia kijana nikasema baba amechoka, rudi kesho.

Kesho yake tukafanya hivyo hivyo. Siku ya tatu alitembea hatua chache na fremu, wakaturuhusu kwenda nyumbani na bahasha ya karatasi. Karatasi zilikuwa za Kiingereza. Nilizisoma, nikaelewa, nikaziweka juu ya friji.

Nyumbani kukawa kama kwenye kilio. Watu walikuja na mchele, na samaki, na maombi, Mungu awabariki. Kila aliyeingia alisema lile lile: pole mzee, lala, usijisumbue. Na baba akalala. Tulimpelekea chakula kitandani, tukampelekea beseni la kunawa, mdogo wangu akamshikia chupa ya mkojo ili asihangaike kwenda chooni. Tulijiona watoto wema. Kule Fizi, na baadaye kambini Nyarugusu, mgonjwa aliyepasuliwa ndivyo anavyotunzwa, na mtoto anayemwacha baba yake ajichotee maji watu wanamsema.

Siku ya 19 nilikuwa nambadilisha soksi, nikaona mguu wa kushoto umevimba kuanzia chini ya goti. Ulikuwa na joto, na nilipougusa nyuma aliruka. Tukampeleka hospitali usiku ule. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Daktari wa zamu akaniambia kwamba donge kama lile likikatika linaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu, na mtu akafa akiwa ameketi anazungumza nanyi. Baba alilazwa tena, akatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu. Na walipojaribu kumsimamisha, mapaja yalitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Walipiga picha, mgongo ulikuwa sawa, vyuma viko mahali pake. Miguu ndiyo ilikuwa imekwisha nguvu, na tuliyeimaliza ni sisi.

Baadaye, nilipoanza kazi hii, nilisoma utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007. Walichukua wazee 11 wenye afya, wastani wa miaka 67, wakawalaza kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, hawakupasuliwa, walikula vizuri. Baada ya siku 10 tu walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Kijana akilala siku 10 anazirudisha haraka. Mzee hazirudishi haraka, na nyingine hazirudi. Baba yangu alilala siku 19, na alikuwa na kidonda. Pigeni hesabu wenyewe.

Kitanda kina madhara mengine pia. Mapafu ya mtu aliyelala hayafunguki vizuri, nimonia inaingia. Choo kinakuwa kigumu. Ngozi ya makalio na visigino inachubuka na kuwa vidonda. Mzee aliyelala mchana kutwa halali usiku, anaanza kuchanganyikiwa. Ndiyo maana siku hizi mahospitalini wanamsimamisha mgonjwa wa mgongo siku ile ile au kesho yake. Hawana haraka ya kutufukuza, kama mama mmoja alivyoniambia. Kusimama kwenyewe ni sehemu ya dawa.

Najua mnajiuliza: na vile vyuma? Je, havitachomoka? Baba aliniuliza hivyo kila siku. Kutembea kwa miguu, kwenye sakafu sawa, hakuchomoi skrubu. Kinachoweza kuharibu ni mambo matatu, na kila karatasi ya hospitali inayataja: kuinama, kubeba vizito, na kujipinda kiuno. Kwa wiki za mwanzo, mara nyingi 6 hadi 12, daktari anaweza kusema mzee asibebe kitu kinachozidi kilo 4 na nusu. Galoni moja ya maziwa ina karibu kilo 4, kwa hiyo hiyo ndiyo mwisho. Kumbeba mjukuu hakuna. Mjukuu apandishwe na mtu mwingine, awekwe pembeni yake akiwa ameketi. Muda kamili ni ule aliousema daktari wenu, kwa sababu aliyetolewa mfupa tu na aliyefungwa vyuma hawafanani. Mfupa kuota kati ya pingili unachukua miezi mingi, unaweza kufika mwaka. Mzee anayevuta sigara mfupa wake unachelewa zaidi au hauoti kabisa, kwa hiyo wanaovuta waanze kupunguza kabla ya upasuaji na wamwambie daktari ukweli.

Sasa tazameni jinsi mambo hayo matatu yanavyojificha katika maisha yetu. Kusonga ugali wa watu wanane ni kujipinda na kusukuma kwa nguvu. Kuoga kwa ndoo na kopo ni kuinama kila mara, afadhali bafu la kusimama, na kiti cha kuogea ndani yake. Kufua kwenye beseni, kuketi kwenye kigoda kifupi, kukaa juu ya mkeka, vyote vinakunja kiuno. Kochi linalozama nalo ni baya kuliko kiti cha mbao chenye mikono. Mzee Mwislamu asali akiwa ameketi kwenye kiti, dini inamruhusu mgonjwa, na nimeona mashehe wakiwaeleza wazee wetu hivyo vizuri kuliko mimi. Mkristo asipige magoti mpaka aruhusiwe. Mama avae kitenge kifupi kidogo au gauni lisiloburuta, kwa sababu fremu ikikanyaga pindo mtu anaanguka. Malapa yawekwe kando, avae viatu vilivyofungwa kisigino. Mazulia madogo yaondolewe, na magari ya watoto yasibaki kwenye njia ya kwenda chooni. Taa ya usiku iwashwe. Mzee akianguka anaweza kuvunja nyonga, na hapo tunaanza safari nyingine ndefu kuliko hii.

Kuinuka kitandani kuna namna yake. Mzee asiinuke kama tunavyoinuka sisi, kichwa kwanza na tumbo likakunjwa. Alale chali, akunje magoti, kisha ageuke ubavu mzima kwa pamoja, mabega na nyonga zikienda wakati mmoja, kama gogo linavyoviringika. Akishakuwa ukingoni ashushe miguu, na wakati huo huo asukume kwa kiwiko na kiganja mpaka aketi. Akae kidogo, kizunguzungu kiishe. Ndipo asimame. Na wewe unayemsaidia usimvute mikono wala usimshike kwapani. Kumvuta mikono kunamvuta mgongo, na wewe mwenyewe utaumia. Mtaalamu ana mkanda wa kitambaa anaoufunga kiunoni mwa mgonjwa ili amshikilie hapo. Mwombeni awafundishe kuutumia kabla hamjatoka hospitali, na mjaribu mbele yake.

Kutembea kwenyewe ni kidogo kidogo. Dakika 5, pumzika, baada ya saa moja au mbili tena dakika 5. Wiki inayofuata ongeza. Kukaa pia kuna kipimo: mwanzoni isizidi nusu saa hivi kwa mara moja, kisha asimame azunguke chumba. Huku kuna theluji, hakuna haja ya kutoka nje kuteleza. Korido ya jengo inatosha, na maduka makubwa yenye paa yanafungua mapema asubuhi. Baba alihesabu milango ya korido yetu. Wiki ya kwanza ya kuanza upya alifika mlango wa pili. Alipofika wa kumi na moja, jirani wa mwisho, mzee wa Bhutan ambaye hatuna lugha moja naye, alimtolea kiti nje. Mpaka leo wanaketi pamoja.

Sasa juu ya ukalimani, na hapa naomba vijana mnisikilize, kwa sababu ninyi ndio mnaopelekwa. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya Marekani, na karibu zote zinapokea, inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na sheria ya afya ya mwaka 2010 ikaongeza nguvu. Mtoto wa chini ya miaka 18 hatakiwi kutumiwa kuwa mkalimani ila kwa dharura. Na mtu mzima kama mimi nilivyokuwa, hata akijua Kiingereza, ana sababu nzuri ya kukataa. Yeye ni mtoto. Atapunguza maneno makali, ataficha habari mbaya, hataweza kumwuliza baba yake kama amepata choo.

Baba aliporudishwa hospitali kwa ajili ya ile damu, muuguzi alileta mkalimani wa simu bila kuniuliza. Kwa sauti alikuwa mtu wa Mombasa, na Kiswahili chake kilimchekesha baba. Lakini mtaalamu aliposema "lazima", yule wa simu naye akasema "lazima, mzee wangu, tafadhali sana". Baba akasimama. Niliumia kidogo, sitaficha. Siku tatu za kwanza mimi nilikuwa pale pale na neno hilo mdomoni, na sikulitoa.

Mkipiga simu kuomba miadi, semeni lugha ya mzee. Kama anaelewa Kibembe au Kinyarwanda vizuri kuliko Kiswahili, taja hiyo. Kama Kiswahili cha pwani kinamchanganya, omba mtu anayejua Kiswahili cha Kongo. Wakati mwingine hapatikani, lakini asiyeomba hapewi.

Baada ya hospitali kuna njia zaidi ya moja. Wengine wanapelekwa kwanza kwenye kituo cha matunzo na mazoezi kwa siku au wiki kadhaa. Familia nyingi zetu zinasikia hivyo zinadhani mzee anatupwa kwenye nyumba ya wazee, wanakataa papo hapo. Ulizeni kwanza: ni kwa muda gani, ana mazoezi mara ngapi kwa siku, tunaweza kuleta chakula? Kama nyumbani kwenu ni ghorofa ya tatu bila lifti na wote mnafanya kazi, wiki mbili za kituo zinaweza kumfaa kuliko kubaki peke yake. Wengine mtaalamu anakuja nyumbani. Mfungulieni. Nimepata taarifa za wataalamu waliogonga mlango mara tatu, ndani kuna mzee anaogopa kufungua kwa sababu haelewi Kiingereza, na baada ya hapo huduma ikafungwa. Na wengine, baada ya wiki sita hivi, wanaanza kwenda kliniki ya mazoezi. Bima hazifanani, kwa hiyo ulizeni idadi ya vipindi mlivyoruhusiwa kabla ya kuanza. Wenye Medicaid wana haki ya usafiri wa kwenda kwenye miadi, ila unaombwa siku kadhaa kabla. Leteni barua kwangu tuombe pamoja.

Mama wanaoona vibaya kushikwa kiuno na mwanamume wanaweza kuomba mtaalamu mwanamke. Ombeni mapema, msikatae siku ya miadi.

Mtaalamu atauliza maswali mawili ambayo wazee wetu wanayajibu kwa adabu, na adabu hiyo inawagharimu. La kwanza ni maumivu: kutoka 0 mpaka 10, ni ngapi? Mzee wetu anasema sifuri, kwa sababu amefundishwa kutolia mbele za watu. Mtaalamu anaandika sifuri, daktari anapunguza dawa, usiku mzee analia peke yake na kesho hawezi mazoezi. Aseme ukweli. Dawa ya maumivu inywewe kama nusu saa kabla ya mazoezi, ndiyo kazi yake. Zile kali za jamii ya morfini zinafunga choo na kuleta usingizi, kwa hiyo maji, matunda, na dawa ya kulainisha choo kama imeandikwa. Haziongezwi bila daktari na hazigawiwi kwa jirani mwenye mgongo. Na kwa aliyefungwa vyuma, ibuprofeni ya dukani asinywe mpaka daktari wake aseme, kwa sababu madaktari wengi wanahofia inachelewesha mfupa kuota.

Swali la pili ni: unataka kuweza kufanya nini? Mzee anajibu, "Mungu akipenda nitapona." Ni jibu zuri, lakini mtaalamu hawezi kulipima, na ripoti isiyoonyesha mzee anaelekea wapi na amefika wapi ni dhaifu tunapoomba vipindi zaidi. Mwambieni jambo lenyewe. Mama mmoja ninayemhudumia alisema anataka kupanda ngazi sita za kanisa bila kushikwa. Wakatafuta ngazi, wakafanya ngazi. Baba yangu alisema anataka kusimama wimbo mzima wa kwaya. Mtaalamu akauliza wimbo una dakika ngapi. Baba akamwambia, inategemea Roho. Wakakubaliana dakika 10.

Kuna mambo ya kwetu ambayo siyadharau, lakini kwa mgongo uliopasuliwa yasubiri. Kukanda kwa maji moto juu ya mshono, hapana, maji na joto vinafungua kidonda. Kuchua mgongo kwa mafuta, kumkanyaga mgongo, kuchanja chale, hapana. Dawa za mizizi, mwambieni daktari kabla ya kunywa, hasa kama mzee anatumia dawa ya damu, maana nyingine zinagongana nayo akatoka damu ndani. Na ikiwa mzee baada ya upasuaji anaongea na watu wasiokuwepo au hajui yuko wapi, hajalogwa. Kwa wazee hutokea baada ya dawa ya usingizi na maumivu. Waombaji waje, mimi pia ni mwombaji, lakini mwambieni muuguzi saa hiyo hiyo. Mpeni miwani yake, fungueni pazia mchana, mtu anayemjua akae karibu.

Sasa nasema polepole, kwa sababu hili sitaki mtu alisahau. Mzee akishindwa kukojoa, au mkojo au choo kikitoka bila yeye kujua, au akipata ganzi kati ya mapaja, pale anapokalia, au mguu ukiishiwa nguvu ghafla, ni dharura ya siku ile ile. Mishipa inabanwa, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kurudi. Wazee wangu, najua ni aibu kumwambia binti yako habari hiyo. Mwambie mkeo, mwambie mjukuu wa kiume, nipigie mimi. Na ninyi watoto ulizeni, msingoje mzee aanze. Kifua kinauma, pumzi haitoshi: 911. Taja anwani kwanza, kisha sema "Swahili", vituo vingi vinaweza kumweka mkalimani kwenye simu. Mguu kuvimba upande mmoja, homa ya 101 kwa kipimo cha hapa, yaani 38 na kitu kwa kile chetu, mshono kutoa usaha, au kuvuja majimaji huku kichwa kikiuma akisimama: pigeni kwa daktari aliyepasua siku hiyo hiyo, usiku pia kuna wa zamu, na kama hakuna anayejibu nendeni hospitali.

Wenye kazi mmeniuliza nani atakaa na mzee. Kuna sheria ya mwaka 1993 inayokupa mpaka wiki 12 za likizo bila mshahara kumtunza mzazi mgonjwa, na kazi yako inabaki. Lakini uwe umefanya kazi hapo angalau miezi 12 na saa 1,250, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi. Aliyefika juzi hajaifikia. Kwa huyo tunapanga zamu hapa, kwa daftari, na ninyi mnaokwenda kutoa pole mnaweza kuingia. Badala ya kumwambia mzee alale, mwambie twende mpaka mlangoni, halafu ndipo uketi mzungumze. Chakula mnachopika wekeni mezani, aje ale na wengine.

Baba hakurudi kama angerudi kama tungeanza siku ya kwanza. Daktari alisema hivyo, na mimi naishi nalo. Mguu wa kushoto unavimba kila jioni na anatumia fimbo. Lakini wimbo anausimamia.

Vijana wawili nisaidieni, tulete kile kitanda cha kukunja hapa mbele. Baba amekubali kutuonyesha jinsi ya kugeuka na kuinuka, na mama wa ngazi sita atajaribu baada yake. Msitazame kichwa, tazameni magoti na mabega. Baba, karibu. Hapana, usimshike mkono, mwache aje mwenyewe.